Taa ya cheki injini inayowaka leo na kuzima kesho: namna ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua spea

Ukiwa na gari Dodoma huenda hali hii unaijua. Unarudi kutoka Kibaigwa jioni, taa ya njano yenye mchoro wa injini inawaka kwenye dashibodi. Gari linavuta vizuri tu. Jumatatu unalipeleka gereji, taa imezima. Fundi anasikiliza injini, anakwambia gari zima, usijisumbue. Au ana mashine ya kupimia: anachomeka, anasoma msimbo (namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari imeihifadhi), anaufuta, anakutajia sensa ya kununua. Unanunua. Wiki mbili baadaye taa imerudi, na safari hii inatajwa sensa nyingine.

Mara nyingi fundi hana kosa lolote hapo. Taa ya kuja na kuondoka ina ugumu wake: kifaa kinachokosea mara moja moja, ukikipima wakati kimetulia, kitapimwa kizima. Ili ukipate lazima ujue kilikosea lini na katika hali gani, kisha urudishe hali ileile huku mtu anatazama vipimo. Na nusu ya kazi hiyo ni ya mwenye gari, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani taa ilipowaka.

Ninayoeleza hapa yanahusu zaidi magari ya petroli yaliyotumika Japani, yaani IST, Vitz, Premio, Allion, Spacio, Noah, RAV4 na ndugu zao, maana ndiyo yaliyojaa huku kwetu. Dizeli za kisasa nazo zina misimbo na utaratibu wa kuisoma ni uleule, ila magonjwa yake ni mengine.

Hatua ya 1: Taa imetulia au inapepesa?

Taa ikiwaka na kutulia, unaweza kuendelea na safari kwa utulivu na kupima baadaye. Ikipepesa, yaani inawaka na kuzima kwa haraka bila kukoma, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kupepesa maana yake injini inamisi, yaani silinda inaruka kuchoma mafuta, kwa kiwango cha kuharibu masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi): petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia humo, na masega yanapata joto la kuyeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, zima AC, na ukiona bado inapepesa tafuta pa kusimama. Usijipe moyo kwamba utafika Manyoni.

Na ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya oili, au mshale wa joto ukapanda, sahau cheki injini. Simama, zima gari.

Jambo dogo la kuangalia sasa hivi: washa swichi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa kwenye swichi, inawezekana aliyekuuzia gari aliitoa balbu au aliibandika kitu kwa nyuma. Mimi hiki ndicho cha kwanza ninachokiangalia kwenye gari la mkononi, kabla hata ya kufungua boneti.

Kwa nini inazima yenyewe

Kompyuta ya gari haiwashi taa kwa kila kosa palepale. Kwa makosa mengi inasubiri kosa litokee katika safari mbili zinazofuatana. Safari hapa ni kuwasha gari, kulitumia mpaka kipimo husika kifanyike, na kuzima. Mara ya kwanza inaandika kosa kwenye kumbukumbu bila kuwasha taa. Mara ya pili ndipo taa inawaka. Makosa mengine, hasa waya uliokatika au kugusana na bodi, huwasha taa hapohapo.

Kosa likitoweka, katika mfumo wa kawaida wa OBD2 (mfumo wa gari kujipima na kuhifadhi misimbo) taa huzima baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa. Lakini msimbo wenyewe haufutiki. Unabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini iwe imepata joto kama mara 40 bila kosa kurudi. Kwa mtu anayekwenda kazini Mtumba na kurudi kila siku, hizo ni wiki kadhaa.

Kwa hiyo kwanza, taa kuzima si kupona. Gari lenye taa iliyozima jana bado lina ushahidi ndani, nenda kalipime. Pili, taa iliyowaka Ijumaa asubuhi ukitoka nyumbani huenda kosa lake la kwanza lilitokea Alhamisi, ulipokuwa umetoka kuosha gari. Usitazame dakika ile tu.

Tatu, tabia ya kuchomoa betri ili taa izime ndiyo mbaya kuliko zote. Inafuta msimbo, inafuta kumbukumbu ya tukio, na inafuta marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu. Gari litatulia siku chache, kisha ugonjwa unarudi na huna cha kumwonyesha fundi.

Hatua ya 2: Andika, hata kwenye simu

Taa ikiwaka, ukishasimama salama, andika: saa ngapi, injini ilikuwa ya baridi au imeshapata joto, mwendo, mafuta kiasi gani kwenye tenki na uliyajaza wapi, AC ilikuwa imewashwa au la, barabara ya lami au ya vumbi, unapanda au unashuka, na kama gari lilitetemeka, kukosa nguvu au kunuka petroli. Piga picha dashibodi nzima, mizunguko na joto vionekane.

Ukishakuwa na matukio machache utaanza kuona mwelekeo, na hapa kwetu hali ya hewa inasaidia kusoma, kwa sababu Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kiangazi kirefu kikavu chenye vumbi na upepo.

Inawaka asubuhi za Juni na Julai tu, injini ikiwa ya baridi, kisha gari linakuwa zuri mchana? Fikiria mpira wa hewa uliokakamaa na kupasuka, ambao unaachia ukiwa wa baridi na kubana ukipata joto. Fikiria pia sensa ya joto la maji inayotoa taarifa ya uongo, au plagi zilizochoka.

Inawaka mchana wa Oktoba au Novemba, baada ya foleni na AC, injini imechemka? Hapo koili (zinazozipa plagi umeme), na sensa ya kranki na ya kamshafti (zinazoiambia kompyuta injini imezunguka mpaka wapi) ndizo washukiwa. Vifaa hivi vina waya mwembamba uliosokotwa ndani. Joto likipanda waya unatanuka na kuachana, ukipoa unakutana tena. Gari linazima katikati ya njia, unasubiri nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwahi kuumwa.

Inawaka ukipita matuta au barabara ya rafu ya vijijini? Soketi iliyolegea, waya uliosuguliwa na chuma, au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi) isiyobana. Inawaka siku ya mvua au siku moja baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha? Maji kwenye mashimo ya plagi au ndani ya soketi. Inawaka ukiwa umeacha gari limelala kwa muda mrefu, umekwenda likizo au safari ya kikazi? Fungua boneti utafute panya. Sitanii: panya wanapenda uvuguvugu wa injini na wanatafuna waya, hasa gari likiegeshwa karibu na banda la kuku au stoo ya nafaka. Utaona vinyesi juu ya injini, au manyoya na majani makavu yamekusanywa kwenye kona ya betri.

Inawaka muda mfupi baada ya kujaza mafuta sehemu fulani, hasa petroli ya kwenye madumu? Hiyo nayo iandike.

Hatua ya 3: Soma msimbo, na usiufute

Magari ya karibuni yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Kifaa kidogo cha Bluetooth chenye chipu ya ELM327 kinachomekwa hapo na kusomwa kwa programu ya simu kama Torque au Car Scanner. Kina bei nafuu, na kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka kina faida moja ambayo mashine kubwa ya gereji haina: kinaweza kukaa garini na kusafiri nawe.

Onyo moja. Kuwa na soketi ya pini 16 hakumaanishi gari litaongea na kila kifaa. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2 kwa magari ya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakuwa chini ya sheria hizo. IST ya 2003 inaweza kuwa na soketi ileile na bado ikagoma kuongea na kifaa chako, au ikatoa taarifa nusunusu. Hapo tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota kwa lugha yake. Na vifaa feki vya ELM327 ni vingi sana sokoni. Kama unaweza, kijaribu kwenye gari lako kabla ya kutoa hela.

Kwa Toyota za zamani zaidi kuna njia ya kuhesabu mipepeso. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya cheki injini inaanza kupepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha mmoja: hiyo ni 21, upande wa sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 31 ni kipimo cha hewa, 52 ni sensa ya noki (inayosikiliza mgongo wa mafuta yanayolipuka vibaya ndani ya injini). Ikipepesa kwa mwendo sawa bila vituo, hakuna msimbo. Kwenye Toyota nyingi zenye soketi ya pini 16, kazi hiyohiyo hufanywa kwa kuunganisha pini 4 na 13. Hesabu pini kwa makini, maana pini 16 ina umeme wa betri muda wote. Ukiigusanisha na ethi utaunguza fyuzi, na kama una bahati mbaya utaunguza zaidi ya fyuzi.

Ukiwa gereji, sema mapema kabla mashine haijachomekwa:

“Fundi, shikamoo. Taa inawaka na kuzima. Naomba tusome tu leo, usifute chochote mpaka nipige picha.”

“Marahaba. Lakini nisipofuta taa si itabaki?”

“Ibaki tu fundi wangu. Nitakulipa hela ya kupima ileile.”

Hiyo sentensi ya mwisho inasaidia sana. Fundi wengi wanafuta kwa sababu mteja anataka kuondoka taa imezima.

Kwenye skrini tafuta vitu vitatu. Misimbo iliyothibitishwa, ambayo ndiyo iliyowasha taa. Misimbo iliyoandikwa Pending, ambayo imeonekana mara moja na inasubiri kuthibitishwa. Hii kwa ugonjwa wetu ni dhahabu, kwa sababu unaweza kuiona hata taa haijawaka. Na cha tatu, ambacho watu wengi wanakipita, ni ukurasa ulioandikwa Freeze Frame.

Hatua ya 4: Soma kumbukumbu ya tukio

Freeze Frame ni namba ambazo kompyuta ilizihifadhi wakati kosa linaandikwa: mizunguko ya injini, mwendo, joto la maji, mzigo wa injini, na mara nyingi marekebisho ya mafuta. Hapa ndipo daftari lako na kompyuta vinakutana.

Chukua mfano wa Premio ambayo taa yake ilikuwa inawaka kati ya Bahi na mjini, kisha inazima siku kadhaa. Msimbo ulikuwa P0118, yaani umeme wa sensa ya joto la maji umepanda kupita kiasi. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha sensa. Ukurasa wa tukio ulionyesha mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, gari limetembea muda mrefu, na joto la maji: nyuzi 40 chini ya sifuri. Dodoma hiyo haipo hata usiku wa Julai. Nyuzi 40 chini ya sifuri ndiyo namba kompyuta nyingi zinazotoa umeme usipoweza kupita kwenye sensa, yaani njia imekatika na volti inabaki juu. Kifaa kilichochoka kwa kawaida hudanganya kidogo: nyuzi 60 mahali pa 88. Kuruka mpaka chini kabisa ya kipimo ni dalili ya waya au soketi.

Basi gari likawashwa likiwa limesimama, simu ikawekwa kwenye ukurasa wa data za moja kwa moja, mchoro wa joto la maji. 87, 87, 88. Mtu mmoja akashika nyaya za soketi ile kwa vidole viwili na kuzipindisha taratibu. 88, 88, halafu mstari ukadondoka mpaka chini, feni ya radieta ikaanza kuzunguka yenyewe, kisha mstari ukapanda tena. Soketi ilikuwa na klipu iliyovunjika na kufungwa solotepu. Solotepu haikuwa tatizo. Sentimita mbili nyuma yake, waya mmoja ulikuwa unavutika ukiushika, kwa sababu shaba ya ndani ilikuwa imekatika na kilichobaki ni plastiki ya nje peke yake, nzima kabisa kwa macho. Kipande cha waya, risasi ya kulehemu na utepe wa umeme vilimaliza kazi ambayo sensa mpya ilishindwa.

Kanuni ninayoifuata: namba ikifika mwisho wa kipimo ghafla na kurudi ghafla, shuku waya. Ikihama polepole, shuku kifaa.

Hatua ya 5: Msimbo unataja eneo, hautaji spea

P0171 haisemi “nunua sensa ya oksijeni”. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Sababu inaweza kuwa mpira uliopasuka baada ya filta, kipimo cha hewa kilichochafuka, pampu dhaifu ya mafuta au nozeli (zinazopulizia mafuta kwenye injini) zilizoziba. Fungua data za marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Ndani ya asilimia 10 juu au chini ni kawaida. Zikiwa juu sana gari likinguruma tu bila kukanyaga mafuta, lakini zikashuka ukishikilia mizunguko 2,500, kuna hewa inaingia kwa njia ya wizi. Zikiwa afadhali gari likiwa limesimama na kupanda ukivuta mzigo, angalia kipimo cha hewa na njia ya mafuta.

P0301 mpaka P0304 zinataja silinda inayomisi, na jaribio lake ni la bure. Kwenye injini kama 1NZ ya Toyota kila plagi ina koili yake, imeshikwa kwa bolti moja ya namba 10. Hamisha koili ya silinda iliyotajwa uipeleke kwa jirani, tembea. Msimbo ukihama na koili, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukibaki tena, ni nozeli, waya au mbano wa silinda. Ukichomoa koili na kukuta oili shimoni, gasketi ya kava la juu imechoka. Koili mpya bila gasketi mpya utainunua tena.

P0325, sensa ya noki, huja sana ukiwa kwenye mwendo mkubwa au mlima. Waya wake unapita sehemu yenye joto. P0113 ni joto la hewa inayoingia, na mara nyingi chanzo ni soketi ya kipimo cha hewa iliyoachwa bila kubana baada ya mtu kubadilisha filta. P0420 inahusu masega. Kabla hujaanza kubishana nayo hakikisha masega yapo, maana kuna watu waliuziwa magari ambayo ndani ya ekzosi yameshatolewa zamani.

Ule ushauri wa mtandaoni wa kubana kifuniko cha tenki la mafuta ni wa kweli kwa magari ya soko la Marekani, ambayo kompyuta yake hupima uvujaji wa mvuke wa petroli. Magari mengi ya soko la Japani hayana kipimo hicho. Kibane, lakini usikae ukisubiri muujiza.

Hatua ya 6: Mikono kwanza, pochi baadaye

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku, volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 ni dhaifu. Injini ikiwa imewashwa tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiyumba, kompyuta inaweza kulalamikia sensa ambazo hazina kosa, na gari lenye misimbo mitatu isiyohusiana hata kidogo karibu siku zote nalipima umeme kabla ya kitu kingine. Kama umeongeza taa kubwa au muziki mzito, zima hivyo vyote siku chache uone.

Kisha ethi. Fuata waya mweusi wa betri mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Weka mita, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata: isizidi nusu volti. Ikizidi, umeme unahangaika kurudi.

Sasa soketi. Moja moja, ukianza na ile inayotajwa na msimbo. Ichomoe ukibonyeza klipu, usivute waya. Tazama ndani: vumbi jekundu, kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma kuliko wenzake. Puliza, pulizia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, acha ikauke, rudisha mpaka usikie klipu inalia. Kuchomoa na kurudisha peke yake huponya magari mengi kwa muda, ndiyo maana watu hudhani sensa mpya imefanya kazi wakati kilichosaidia ni mkono ulioigusa soketi.

Halafu njia ya hewa, ambayo kwa ukanda huu inastahili muda. Ukitembea barabara za vumbi za Chemba, Kongwa au vijiji vya Bahi, filta inajaa kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Shida kubwa inatokana na kuipuliza kwa kompresa. Presha kali inatoboa karatasi, matundu huyaoni, na vumbi laini linakwenda kukaa kwenye waya mwembamba wa kipimo cha hewa. Kama lazima upulize, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo, kisha ishike dhidi ya taa utazame kama kuna tundu. Kipimo cha hewa chenyewe kisafishe kwa dawa yake maalumu tu. Usitumie brashi, kitambaa wala petroli. Pinda mpira unaotoka kwenye filta kwenda injini utazame mikunjo yake. Nyufa hujificha kwenye bonde la mkunjo upande wa chini.

Kwa kutafuta hewa ya wizi, maji ya sabuni ndani ya chupa ya kupulizia yanatosha. Pulizia viungo vya mipira injini ikiwa imewashwa. Mngurumo ukibadilika umepata. Kuna wanaotumia dawa ya kabureta, na inafanya kazi, lakini inashika moto. Juu ya ekzosi iliyochemka siipendekezi.

Kitu kimoja cha hapa kwetu ambacho fundi aliyefunzwa pwani anaweza kukishangaa: Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Gari lenye sensa ya presha ya hewa, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, litaonyesha kilopaskali 88 au 89 hivi. Dar es Salaam ingekuwa karibu 101. Usiuziwe sensa kwa sababu namba yako “ipo chini”.

Hatua ya 7: Irudishe hali uliyoiandika

Kama mikono haijaona kitu, rudi kwenye daftari. Kosa la joto: acha gari lingurume na AC mpaka lichemke kama siku ile, au elekeza draya ya nywele kwenye sensa inayoshukiwa huku ukitazama mchoro. Kosa la mvua: pulizia maji laini, kidogo kidogo, kwenye koili na nyaya, sehemu moja kwa wakati. Kosa la matuta: tikisa nyaya kama nilivyoeleza, kisha gongagonga soketi na visanduku vya fyuzi kwa mpini wa bisibisi. Kosa la mzigo: nenda barabarani.

Ukienda barabarani muwe wawili. Dereva aendeshe, mwenzake ashike simu na kurekodi data. Vipimo vinne au vitano vinatosha. Ukichagua ishirini, kifaa cha bei rahisi kitakuwa kinasoma polepole mno na kosa la sekunde moja litakupita. Kwa mlima wa kweli, barabara ya Iringa ukishavuka Mtera inakupa kupanda kwa Nyang'oro, na ya Kondoa kwenda Babati ina vilima vya Kolo. Kwa kupima tu hakuna haja ya kwenda huko, kipande chochote cha kupanda kinatosha, gari likiwa limebeba watu.

Nunua spea pale tu ambapo umeona namba inakosea, ukathibitisha waya ni mzima kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kompyuta, na kama inawezekana ukajaribu kifaa cha kuazima kutoka gari linalofanana. Sensa ya mtumba kutoka gari la Japani mara nyingi ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka, lakini angalia namba iliyochapwa mgongoni ifanane. Omba kilichotolewa ukae nacho.

Hatua ya 8: Sasa futa

Sasa ndiyo wakati wa kufuta msimbo, ukiwa na picha za mwanzo mkononi. Kufuta kunarudisha vipimo vya ndani vya kompyuta kwenye sifuri, na programu itaonyesha vingine havijakamilika. Tembea kama kawaida: kuwasha asubuhi gari likiwa la baridi, mjini kwenye foleni, kisha mwendo usiobadilika barabara kuu, mathalani mpaka Chamwino na kurudi. Vipimo vikishakamilika fungua ukurasa wa Pending. Ukiwa mtupu, endelea kuutazama kila baada ya safari kadhaa, na uhakikishe umepitia hali ileile iliyokuwa inaleta kosa. Ugonjwa wa mvua hauwezi kutangazwa umepona mwezi wa Septemba.

Msimbo uleule ukirudi na kumbukumbu ya tukio inafanana na ya kwanza, hukufika kwenye chanzo, rudi Hatua ya 6 kwenye waya huohuo. Ukija msimbo mwingine siku moja baada ya kazi, angalia kwanza soketi zote ulizozigusa. Kuna moja haikulia klipu.